Matumba Tuliyokuwekea Chogoria

Mama Mwenda,

Nimefika. Lile bonde lako la juu ya mlima, ulilonipigia kelele miaka yote tukiwa tumeinama kwenye waridi kule shambani Isinya, nimelitembea kwa miguu yangu hii yenye magaga. Nililia huko juu mpaka ndugu yako Mutembei akafikiri nimeshikwa na ugonjwa wa mlima.

Wewe ndiye uliyenifundisha kukata maua. Nilitoka Bungoma nikiwa sijui waridi lina tofauti gani na ua la viazi. Siku ya kwanza ndani ya grinhausi, chini ya lile paa la plastiki, ulinishika kidole ukasema, "Gusa. Hii iko ngumu, bado imefumba, kata. Ikifunguka hata kidogo, hiyo si yetu tena." Yaliyofunguka tuliyatupa kwenye shimo nyuma ya ghala, maana huko ng'ambo wanataka yafike bado ni matumba. Jioni ulikuwa unasimama pale shimoni kuyatazama. Nilikucheka. Nilikuambia gari la shamba litatuacha, wewe unaangalia takataka.

Hapo ndipo ulipoanza habari za bonde. Baba yako aliwabebea wageni mizigo mlimani, akirudi nyumbani Chogoria anawasimulia kwamba juu, kupita mianzi, kuna bonde la maua ambayo hayakupandwa na mtu. Usiku yanafumba kwa baridi, asubuhi jua likiyagusa yanafunguka. Mutembei akapelekwa kuyaona. Wewe ukaambiwa msichana abaki na mbuzi. "Siku moja nitaenda nione yakifunguka," ulisema, "na hakuna mtu atayatupa."

Na tulipanga kwenda, si tulipanga? Mutembei alisema tuje Februari, mlima ukiwa mkavu. Lakini Februari ni Valentine, na shambani wakati huo hakuna ruhusa, hata ukifiwa unaomba kwa magoti. Tukasema mwaka ujao. Tulisema hivyo watoto wakiwa nasari, tukasema wakiwa sekondari. Kisha kifua chako kikaanza. Ulisema ni vumbi la mtaa wetu wa Noonkopir, Kitengela, tu, na mimi nikakubali kwa sababu nilitaka liwe vumbi.

Sasa nikuambie kitu ambacho bado kinaniuma. Siku ya kukuzika tulikuja Chogoria lori zima, watu wa shamba. Supavaiza alikuwa ametuambia tukukatie maua, tuchague mazuri. Tukachagua. Mama Mwenda, mikono yetu sote ilienda palepale ilipozoea. Tulikata yaliyofumba! Tukayapanga juu ya udongo wako, magumu vile, na jua la mchana likayakausha hivyohivyo. Hakuna hata moja lililofunguka. Nilitaka kupiga mtu, nikakosa wa kumpiga, maana na mimi nilikuwa nimekata.

Ndiyo sababu Februari hii sikuomba ruhusa. Jibu nilikuwa nalijua. Nilivaa raba za binti yangu Nafula, nikafunga leso kichwani, nikaondoka.

Tulipanda na Mutembei, tukapita mianzi, tukatokea kwenye nyasi. Pumzi ilikuwa inaniisha kila nikijaribu kuongea, jambo ambalo lingekufurahisha sana. Kuna mimea huko inampita mtu kwa urefu, kichwani kama imewekewa kabichi. Tukalala kwenye hema. Asubuhi nilipotoka, bonde lote lilikuwa jeupe kwa baridi, na kila mahali viua vyeupe vya kama karatasi, vingi hata macho hayamalizi, vyote vimefumba. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikagusa kimoja. Kigumu. Hiki kata, moyo ukasema. Hata huko, jamani!

Nikaficha mikono kwapani, nikakaa juu ya jiwe. Jua likateremka polepole kwenye ukuta wa mlima, na lilipofika chini maua yakaanza kufunguka. Hayana haraka. Ni kama watoto wakiamshwa kwenda shule, huyu anaamka, yule anajifunika tena. Nilijisogeza pembeni ya jiwe nikakuachia nafasi. Nilijiona mjinga, lakini sikurudi katikati mpaka yalipofunguka yote.

Nilirudi Isinya nikijua nimefukuzwa. Watoto nilikuwa nimeshawaambia. Supavaiza akanitazama, akauliza, "Umepona?" Nikasema nimepona. Akanipa makasi: "Haya, shika laini yako ya waridi." Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yote. Nilikata mpaka karibu na saa ya chai, ndipo nikakaa chini katikati ya waridi. Tungeenda, Mama Mwenda. Mwaka wowote tungeenda, wewe ukiwa na kifua kizima, na tungerudi tukapewa makasi yetu. Mambo mengine yamebadilika sana hapa, hata pale tulipokuwa tunaona pundamilia tukienda kazini ni ploti zimezungushiwa waya. Lakini hilo la kwamba tungeenda ndilo linalonikosesha usingizi.

Nilipotoka mlimani, kabla ya kurudi Isinya, nilipita kaburini kwako. Nilikuwa nimekuja na kijiti cha waridi nilichookota kule shimoni kwetu, nikakipanda upande wa kichwa chako. Mutembei anakimwagilia maji ya vyombo. Kimeshika, na juzi amenipigia simu kwamba kimetoa tumba moja, akauliza kama alikate aweke kwenye chupa mezani. Nilimfokea mpaka salio likaisha.

Nimemwambia likianza kulainika anijulishe. Nitatoka hata nikiwa katikati ya kazi, na siombi mtu. Nitakaa hapo na wewe tuliangalie likifunguka, mpaka limwage petali zake zote chini lenyewe.

Pumzika, mwalimu wangu. Makasi nitayaacha Kitengela.

Mimi wako,
Mama Nafula