Mama Anyitike, Siku Ile Gwakisa Hakufika

Mama Anyitike, leo tarehe 9 Mei 2014 umetimia mwaka tangu ulipotutoka. Tumekaa sebuleni kwako hapa Tunduma kukuandikia, na mumeo Watson anatusikia kutoka kitandani. Kila tukitaka kuandika maneno ya heshima tu, anapaza sauti: "Mwandikieni na lile." Haya, tutaandika na lile.

Ulikuwa mtu wa mbio, Jenista. Chai hukuwahi kuinywa umekaa. Jirani akifiwa, ulikwishafika na sufuria lako kabla wenye msiba hawajamaliza kupigiana simu. Ulikuwa mkali pia, tusidanganyane, na aliyeacha vyombo vichafu alikujua.

Tangu mwaka 2009, Watson alipoanguka kutoka juu ya gunia za mahindi kwenye lori pale Mlowo na kuvunjika uti wa mgongo, siku zako ziligawanyika kwa saa mbili mbili. Muuguzi alikuambia mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo atatoka vidonda mgongoni, na vidonda hivyo huua. Ulilishika neno lile. Ulimgeuza, ulimpaka mafuta, ulimtania, na zikipita saa mbili ulianza tena.

Ndipo akina mama wa kanisa walipotangaza safari ya baiskeli, Tunduma hadi Mbozi Mission, kuchangia magodoro na viti vya magurudumu kwa wagonjwa walioko majumbani. Wewe ukawa wa kwanza kujiandikisha. Mama wa miaka hamsini na mbili! Ulivaa suruali ya Anyitike chini ya kitenge, ukapanda baiskeli ya kiume, na mtaa mzima ukatoka kuchungulia. Wafanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuita "mayo", yaani mama, wakijaza majina kwenye karatasi yako ya wachangiaji. Mazoezi uliyafanya kwa kuibia: unamgeuza Watson, unakimbia na baiskeli mpaka Mpemba, unarudi unahema, unamgeuza tena.

Lakini safari yenyewe ilikuwa ya kutwa. Anyitike, mwanao, alikuwa na lori Zambia. Aliyebaki nyumbani ni mkewe Ruti, na sisi watu wa Ileje tunajijua: mkwe haingii chumba cha baba mkwe, wala hasemi naye uso kwa uso. Miaka sita Ruti alikaa nyumba moja na Watson, na chakula chake alikiacha mlangoni. Kwa hiyo ulimwomba shemeji yako Gwakisa aje kumgeuza kaka yake, naye akaapa kwamba saa mbili asubuhi haitamkuta kwingine.

Mama, Gwakisa hakufika.

Alikuwa amekwenda Ivuna kununua chumvi, gari likanasa kwenye tope, akalala huko huko. Saa mbili na nusu ukapiga simu kutoka Mpemba. "Gwakisa kafika?" Ruti akashika simu. Alijua akisema hapana utageuza baiskeli papo hapo. Watson naye alijua. Akaita kutoka chumbani, na lilikuwa neno lake la kwanza kumwambia mkwewe tangu aolewe: "Mwambie kafika."

Ruti akasema kafika. Ulishangilia mpaka sauti yako ikasikika sebule nzima.

Kisha Watson akasema, "Ruti, ingia unigeuze."

"Siwezi, baba. Nitakuaibisha."

"Mwenye aibu ni mimi, na nimeikubali. Mama yako anapanda mlima huko. Ingia."

Akaingia kinyumenyume, kanga imefunika uso, akipapasa kitanda kwa mkono. Watson alifumba macho na kulia, na leo amesema tuandike kwamba alilia. Saa nne na nusu Ruti akarudi. Saa sita na nusu akarudi. Mara ya nne kanga ilikuwa mabegani, na Watson alikuwa anamlalamikia kwamba maharage ya jana hayakuiva.

Jioni ukashushwa na lori, cheti mkononi. Hukumsalimia mtu. Ulimgeuza Watson kwanza, ukamkagua mgongo mzima, ndipo ukakaa chini ukacheka. "Kumbe shemeji ana mkono mwepesi!" Jumapili ukamchinjia Gwakisa jogoo, na firigisi ukampa yeye. Aliitafuna ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu, na Ruti akawa anapakua ugali bila kuinua macho.

Tulinyamaza kwa sababu tulikujua. Ungejiona umeivunja nyumba kwa ajili ya baiskeli, na usingetoka tena. Tulidhani tunakulinda.

Lakini ulipolazwa na homa ya mapafu, kila tulipokuja ulikuwa na swali moja: "Nani anamgeuza?" Anyitike alikujibu, "Baba mdogo Gwakisa." Ulitikisa kichwa. "Gwakisa ana ng'ombe wake. Atachoka." Ukatutoka na wasiwasi huo usoni, na jibu la kweli tulikuwa nalo. Hilo ndilo limetuuma mwaka mzima. Tusamehe, mama.

Siku ya matanga Watson aliyasema yote mbele ya wazee wa ukoo waliotoka Ileje. Mkubwa wao akasema kuanzia leo Ruti ni binti wa nyumba hii, na atakayemnyooshea kidole aje kwanza amgeuze mgonjwa kwa wiki moja. Hakujitokeza mtu.

Basi pokea jibu lako. Ni Ruti. Alikuwa Ruti siku ile, alikuwa Ruti ulipokuwa hospitali, na hata sasa tunapoandika ameinuka kwa sababu saa imefika. Mgongo wa Watson hauna hata mchubuko. Pumzika, usihesabu saa tena.

Unakumbukwa na mumeo Watson, mwanao Anyitike, dada yako Tulinagwe, shemeji yako Gwakisa anayekuomba radhi, wajukuu zako, na binti yako Ruti.

Kila Watson anapogeuzwa, jina lako linatajwa nyumbani humu, na litaendelea kutajwa.