Miaka Mitatu Uliyoniongezea

Munuki, Juba,
Sudan Kusini.
14 Februari 2026

Mpendwa Mjomba Puok,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje, na baridi ya Eldoret je? Dawa ya presha uimeze kila siku, tafadhali, si siku ile tu unayosikia kizunguzungu. Sisi tu wazima. Joto la Februari ni lile lile, tunalala uani. Viola, kitindamimba wangu, ameingia darasa la nane na anakusalimu sana.

Barua hii anakuletea Kerubo, yule rafiki yangu Mkenya wa benki, anayesafiri Ijumaa kwenda likizo kwao. Ningeweza kupiga simu, lakini ningekutukana, na mjomba hatukanwi. Kwenye karatasi angalau naweza kufuta. Nimeshafuta mara nyingi, utaona.

Haya, nikueleze yaliyotokea Jumamosi iliyopita baada ya wewe kukata simu.

Wewe ulirudi kwenye kwaya yako, nadhani. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya kamati ya chama, wazee tisa, simu ya Mzee Majur ikiwa katikati ya meza. Kila mtu alikuwa amekusikia: "Huyo ni mtoto wangu, nimemlea mimi. Amezaliwa themanini na saba. Ile miaka mitatu nilimwongezea mimi kule kambini Kakuma, Mungu anisamehe." Walicheka, Mjomba. Mmoja alicheka mpaka akatoa leso.

Kanuni ya chama chetu inataka mgombea urais awe ametimiza miaka arobaini. Kitambulisho changu kinasema arobaini na mbili. Wewe ukasema thelathini na nane au na tisa, maana mwezi hukuutaja. Khalas, yakaisha. Jina langu lilikatwa hapo hapo, nikiangalia.

Usidhani nilijipendekeza. Wanawake wa Munuki na vijana wa bandarini ndio waliolipeleka jina langu. Miaka kumi na moja nimesimamia upakiaji pale bandarini kwenye Nile. Najua tishari lipi limebeba mtama kwenda kaskazini na ni mji gani utalala njaa likichelewa. Najua nani huzuia mizigo, na kwa nini. Nilitaka uchaguzi huu, ambao tumeahidiwa mara ngapi sijui, siku ukifika uwe na mtu mmoja anayejua mambo hayo. Tungeshindwa, najua. Chama chenyewe ni kidogo. Lakini ningesema, na nchi nzima ingesikia.

Sasa mgombea ni Mzee Majur. Ana miaka mingapi? Hakuna aliyeuliza. Yeye mwenyewe siku moja anasema sabini na nne, siku nyingine themanini. Alisinzia kwenye kikao kile kile kilichompitisha. Walimgusa bega apige makofi, akapiga kwa nguvu, hajui anajipigia mwenyewe. Mbona umri wa chini una kanuni na wa juu hauna?

Simdharau kwa uzee wake, nisikilize vizuri. Ulinilea ukinifundisha kuwaamkia wazee kwanza na kuwapisha kiti, na mpaka leo nafanya hivyo. Angekuwa mzee anayejua bei ya debe la unga hapa mtaani, ningembebea mkoba. Lakini huyu alikuwa kwenye viti vya serikali mimi nikiwa bado nabeba mtoto mgongoni, na hajatoka. Mtu akiomba kuongoza nchi, aulizwe alifanya nini na miaka aliyonayo, iwe mingi au michache. Basi.

Ila si Majur aliyeniumiza. Yeye alinitafutia shimo kama mwanasiasa yeyote, akapiga simu kwa rafiki yake wa zamani. Aliyepokea ni wewe.

Unakumbuka foleni ya kadi za posho? Karani alikataa kunihamisha kutoka kadi yako kwenda kadi ya marehemu mume wangu Jok. Alisema mimi ni mtoto, siwezi kuandikwa mke wa mtu. Nilikuwa na kumi na tatu. Ulimwambia kumi na sita. Nilikutazama usoni, nikingoja useme unatania, nawe ukaninong'oneza nisimame wima nionekane mrefu. Nikasimama wima. Karani akaandika. Ng'ombe wa mahari wakaahidiwa, na mwaka uliofuata nilikuwa mama.

Sisemi ulipaswa kudanganya Jumamosi. Umeokoka, ni vizuri, namshukuru Mungu kwa ajili yako. Lakini ukweli wako ungenifaa siku ile kwenye foleni, na siku ile hukuwa nao. Umeuleta sasa, unapomfaa Majur. Kwa kuolewa nilikuwa nimekomaa. Kwa kuongoza mimi bado mtoto. Sasa Mjomba, ni lini nilikuwa na umri unaotakiwa?

Viola amefikisha kumi na tatu. Juzi alilia kwa sababu nilimsuka nywele zikamvuta. Nikamwacha alie, nikatoka nje, nikakaa kwenye ndoo mpaka nikatulia. Sijawahi kukukasirikia kama siku hiyo, hata Jumamosi haikufikia.

Wazee waliniambia nikitoka, "Subiri binti, zamu yako itakuja." Malesh, nikawajibu, samahani kwa usumbufu. Nikapanda boda nikarudi kazini. Matishari mawili yalikuwa yakingoja.

Nina ombi moja tu. Tarehe yangu ya kuzaliwa ni Januari mosi, kwa sababu karani aliipa foleni nzima tarehe hiyo. Mama alikufa kabla sijafikia kumwuliza. Siku zote nilidhani hakuna anayejua. Kumbe wewe unakumbuka mwaka vizuri hivyo. Basi bila shaka unakumbuka mwezi, kama mvua ilikuwa inanyesha, kama ilikuwa asubuhi. Niandikie, umpe Kerubo. Siipeleki kwa kamati. Viola huniuliza kila mwaka aniokee keki siku gani.

Msalimie sana Aunty Millicent na ndugu yangu Yien, na waumini wote wanaokuombea goti. Mungu akuongezee miaka mingi, na hiyo aihesabu Yeye mwenyewe.

Ni mimi ninayekupenda hata sasa,
Nyachuol.

Kwenye umri wangu nimeacha nafasi. Jaza wewe: ............