Kengele za Msiba kwenye Harusi ya Gillian

Mpendwa Mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, maana nimeliombea jambo hili hadi naona haya kumrudia Mungu nalo.

Nina miaka hamsini na saba, shule niliacha mapema, napiga kengele ya tatu katika kanisa la kijiji chetu hapa Lincolnshire, kengele ziko sita na wapigaji tuko sita, na mkuu wetu wa mnara wa kengele ni Mavis, niliyesoma naye na tuliyekuwa tukiazimana hata sukari. Miaka tisa iliyopita binti yangu Gillian aliolewa siku ya Jumamosi, na Alhamisi iliyotangulia palikuwa na mazishi, kwa hiyo Mavis alipanda akazivisha ndimi za kengele vifuko vya ngozi upande mmoja, kama tufanyavyo msibani, ili pigo moja lilie na la pili litoke kama limefunikwa blanketi, na desturi yetu ni kwamba aliyefunga ndiye anayefungua, na Mavis hakufungua. Mimi siku hiyo sikupiga, nilikuwa nje na kofia yangu mpya, mwanangu akatoka kanisani na gauni lake jeupe, na juu yetu ukalia msiba, na kengele zikishaanza kuzunguka hakuna wa kupanda kuzigusa, ni hatari, basi zikalia hivyo mpaka mwisho.

Nilimfuata Mavis mlangoni mwa mnara nikamwambia, "Mavis, umemzika mwanangu." Akacheka. "Acha we, Noreen, wageni wamependa, wamedhani ni mwangwi." Samahani hajaitamka hadi leo, na tangu siku hiyo, kila ibada ikifika pale pa kupeana mikono ya amani, mimi hukumbuka ghafla kwamba vitabu vya nyimbo havijapangwa. Ndoa yenyewe na Trevor ilivunjika baada ya miaka minne. Sisemi ni kengele, lakini.

Mwezi jana kasisi alihubiri juu ya neno letu la Kiingereza "rancour", akasema ni uchungu uliokaa moyoni, na kwamba asili yake katika Kilatini ni uvundo wa kitu kilichochacha, nikahisi benchi zima linaninusa. Sidhani hilo ndilo langu, maana sina ubaya na Mavis na wala simsengenyi.

Sasa nyonga yake imeharibika na anahamia kwa mwanawe huko Hull, Jumapili hiyo atapiga mara ya mwisho na Jumatatu anaondoka. Nimewaambia wapigaji wenzangu sitapiga, mgongo unaniuma. Mgongo hauumi. Nilipomweleza Gillian alisema, "Mama, mimi hata sikuzisikia, kiatu kilikuwa kinanibana, nilikuwa nalitafuta gari tu. Na Trevor alikuwa Trevor kabla ya kengele." Sasa kama aliyekosewa hakusikia, mimi nasamehe nini? Mazoezi ni kila Ijumaa, saa moja na nusu jioni. Niende, au nikae nyumbani?

Noreen, kengele ya tatu

* * *

Dada Noreen,

Pole. Mama aliyesikia msiba kwenye harusi ya mwanawe ana haki ya kulia siku hiyo, na wiki nzima baadaye. Mavis alikosea, na kile kicheko cha mlangoni kilikuwa kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Hayo nakupa yote. Miaka tisa sikupi.

Kuhusu neno la kasisi wako, angalia watu wanavyolitumia. Husikii mtu akisema "mimi ninalo." Ndugu wakigombania nyumba ya marehemu, wakubwa wakinyang'anyana vyeo, kila mmoja husema ameondoka bila uchungu wowote, na hapo ndipo unapojua kwamba umo. Wewe nawe umeniambia huna ubaya na Mavis, huku unakumbuka Alhamisi, Jumamosi, na maneno yake moja moja. Hasira ya kawaida huwaka ikazimika. Yako umeifuga, unailisha kila Jumapili wenzako wakipeana amani, halafu unarudi nyumbani kusali.

Tena umeifuga kwa jina la binti yako, naye hana habari nayo. Mtoe Gillian humo, na Trevor wake. Uliyeumia ni wewe. Rafiki yako alikuumiza, ukamwambia, akacheka. Hilo ndilo la kusamehe, na linatosha.

Ijumaa nenda mnarani mapema, umkute Mavis peke yake. Usibebe keki, mtaisifia keki muagane. Mwambie, "Mavis, siku ile iliniuma, ulipocheka ikaniuma zaidi, na mgongo wangu ni mzima." Kisha nyamaza. Huenda akaomba radhi. Huenda akasema tena "acha we", maana wapo watu ambao aibu yao hutoka kwa kicheko. Usimdai zaidi ya hapo. Jumapili shika kamba yako, na amani ikitangazwa, viache vitabu vya nyimbo kama vilivyo, umpe Mavis mkono.

Usipofanya hivyo, Mavis atahama na hasira itabaki kwako, na hutakuwa tena na mtu wa kumwambia. Mazoezi ni saa moja na nusu. Wewe fika saa moja.