Nyasi za Mtaa wa Juu

Karatu, 9 Septemba 1984

Kaka Hhando,

Sisi huku wazima, ila vumbi tu. Sijui kama mvua imefika huko Soitsambu.

Wewe unayeshinda na ng'ombe, hebu nieleze. Nafanya kazi za ndani kwa meneja mmoja wa hoteli, mtaa wa juu. Uani wamepanda nyasi. Kila jioni nazimwagilia kwa mpira, zikirefuka zinakatwa, zinatupwa. Siku ya kwanza niliuliza ng'ombe wako wapi. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akakaa chini.

Kwetu bondeni bomba limekauka tangu Juni, tunachota dimbwini. Nikaomba ndoo moja ya maji nimpelekee Marsela, jirani yangu mwenye mtoto mchanga.

Mama akasema, “Maji hapana, Evarista, watakuja wote. Nyasi chukua upendavyo.”

Basi nashuka na mzigo wa nyasi mbichi kichwani, bado zinanidondoshea maji shingoni. Mbuzi wa Marsela amenenepa, ungemwona ungemsifu. Mtoto anaharisha. Tangu jana hanyonyi.

Leo jioni nimemwagilia tena.

Mdogo wako,
Evarista