Mashine ya Abdi

Garissa, Jumanne, 1966

Abdi wangu amepata mashine! Hivyo ndivyo nilivyotangaza sokoni asubuhi, mimi na mdomo wangu. Jirani yangu Halima akapaza sauti: "Mashine gani? Mashine gani, Mama Abdi?"

Askari waliokuwa wakipita wakasikia "mashinigani", ile bunduki kubwa. Adhuhuri wakaja kupekua nyumba. Abdi akawaonyesha msumeno wake wa injini, wa kupasulia mbao. "Hooyo, mama yangu, si ungesema msumeno tu!" akanilaumu.

Namshuku Halima. Mwanawe bado anapasua kwa msumeno wa mkono, na alipopaza sauti alikuwa akiwatazama wale askari...

Sajenti wao haamini kuwa ni msumeno, maana leo injini ilikataa kuwaka. Isipowaka na kupasua gogo mbele yake, Abdi atafungwa. Itawaka, inshallah; fundi kama mwanangu hayuko Garissa yote. Sajenti, chifu, hata Halima, wote wanakuja kushuhudia Alhamisi.