Jinsi Nilivyomkalisha Daktari Villasanti Kwenye Kiti

Yataity, Paraguay,
19 Julai 2004.

Mpendwa dada Nimia,

Pokea salamu zangu za moyoni. Hujambo? Baridi ya Buenos Aires haijakubana kifua kama mwaka jana? Na Derlis ameizoea shule yake mpya? Sisi huku wazima. Mama sasa anatembea bila mkongojo, ila analalamika kuwa simu yako ya Jumapili ilikatika kabla hajamaliza kukugombeza.

Baridi kali imeunguza muhogo wote wa mume wangu Eligio, majani yamekuwa meusi kama mkaa. Tunakula mahindi na tunanyamaza.

Sasa habari iliyonishikisha kalamu. Lile gego langu limeng'olewa. Ndiyo, dada, nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu.

Wewe ulikuwa darasa la nne, huenda umesahau. Mimi sijasahau hata kidogo. Nilikuwa na miaka tisa daktari Villasanti alipokuja shuleni kutung'oa meno, na mkoba wake. Aliniambia haiumi. Mwalimu akanikandamiza miguu, na kabla ganzi haijaingia yule bwana akaanza kuvuta. Nilipopiga kelele alinizaba kofi. Kisha akanisimamisha mbele ya darasa, damu ikinichuruzika kwenye vazi jeupe la shule, akasema, "Mtazameni mwoga kuliko wote Yataity." Mwoga likawa jina langu mpaka naolewa.

Miaka thelathini na miwili, Nimia. Nimezaa mara mbili bila kupiga ukelele, lakini nikimwona Eligio ameshika koleo tu, nakimbilia uani.

Mwezi wa sita taya lilivimba hadi jicho likafumba. Sindano ya kutarizi sikuweza kuishika. Nilisukutua maji ya chumvi, nikatafuna karafuu, nikaweka pombe ya miwa hadi ulimi ukachubuka. Eligio akaniuliza, "Zunilda, kweli unataka nikuzike kwa sababu ya jino?"

Kliniki ya meno hapa ni moja tu, ya Mirna, binti wa Villasanti huyo huyo, katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mara mbili nilifika mlangoni nikageuka. Mara ya tatu nilimkuta mzee mwenyewe barazani, amejifunga shali shavuni, anakunywa yerba mate, chai yake ya moto. Akanitazama, akasema kwa upole, "Ingia, mama. Haiumi."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Niliingia kama ng'ombe aliyekata kamba, nikamwambia Mirna, "Nitakaa kwenye hicho kiti, lakini baba yako aje asimame hapa, anitazame."

Mirna hakubishana. Alimwita. Alinidunga sindano taratibu, na tulipokuwa tukingoja ganzi nilimmwagia mzee yote: kofi, miguu, damu, jina. Mdomo ulikuwa unazidi kuwa mzito, mate yananidondoka kidevuni, lakini sikuacha. Nilipomaliza akakuna kichwa. "Sikumbuki, mama. Watoto walikuwa wengi."

Hayo maneno yaliniuma kuliko kofi.

Mirna aliniambia nikishindwa niinue mkono, naye ataacha. Niliuinua mara saba, na mara saba aliacha. Sikuitazama taa wala vyuma. Nilimkazia macho baba yake, nimeapa haoni chozi langu. Hakuliona. Jino lilipotoka nilimwomba Mirna aliweke kwenye kiganja cha mzee, na damu yake. "Sasa utakumbuka," nikamwambia.

Nilidhani nimemaliza. Ndipo Mirna, huku akinawa mikono, akasema, "Na hiyo shali ya baba, mama, unajua ya nini? Jino. Miezi minne anakula supu tu. Hicho kiti anakiogopa kama kifo."

Nimia, nilicheka mpaka pamba ikanitoka mdomoni.

"Zamu yako, daktari," nikasema. Akautafuta mlango. Mlangoni nimesimama mimi. Nyuma yangu kina mama watatu waliokuwa kwenye foleni wameshasikia kila kitu, nao wakaanza: "Kaa, mzee! Haiumi!" "Ulitung'oa sote, leo unakimbia wapi?" Alikaa. Alilia kabla sindano haijamgusa. Akaninyooshea mkono nimshike, na mimi mikono yangu nikaitia mifukoni.

Nakiri kitu kimoja kilinichoma. Mirna alingoja hadi ganzi ikaingia sawasawa. Yule mzee alipata alichoninyima mimi.

Alipoinuka aliniambia, pamba mdomoni, "Unisamehe." Nikajibu kwamba nimesikia. Basi.

Eligio anasema nina moyo wa jiwe. Mama alicheka mpaka akamwaga chai, kisha akataka nimsimulie tena kuanzia mwanzo.

Nawe uliniandikia kuwa gego lako linakusumbua na unaogopa. Tafuta daktari anayeacha ukiinua mkono, dada. Wapo. Ujasiri usiungoje, mimi wangu haukuja kamwe. Ukiwa na hasira tu, inatosha kukufikisha kwenye kiti.

Jumapili, baada ya misa, Villasanti alinivulia kofia mbele ya watu wote. "Habari za asubuhi, bibi Zunilda." Sikumwitikia. Jumapili ijayo pia sitamwitikia. Labda Krismasi, nikiamka vizuri.

Mbusu Derlis, na shemeji yangu Osvaldo mwambie aache kukunyima usingizi na redio yake. Mama anakuombea, Eligio anakusalimu. Bikira Maria wa Caacupé akufunike kwa joho lake huko ugenini.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa meno yote yaliyobaki,

Zunilda