Mheshimiwa Kwenye Mzunguko

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mheshimiwa nusura atuue. Mheshimiwa ni mume wangu – cheo nimempa mwenyewe, humu tu, maana akishika usukani hata taa nyekundu anataka zimwombe ruhusa.

Alikuwa ananipeleka zahanati, zamu ya asubuhi. Tukafika kwenye ule mzunguko mkubwa, barabara nne zinapokutana. Hakupunguza mwendo. Akaingia kama anaingia sebuleni kwake. Kulia kulikuwa na gari la mikate, tayari limo ndani ya mzunguko. Likafunga breki mpaka nikasikia kreti zinaporomoka. Dereva akatoa kichwa, akauliza kwa upole kabisa kama mzee haoni. Mheshimiwa akamjibu kwamba yeye ameanza kuendesha kabla mwenzake hajazaliwa.

Sawa. Lakini hilo halikuwa jibu la swali.

Jumanne, 4 Machi

Mada ya chakula cha jioni: madereva wa siku hizi. Hawaujui mzunguko, anasema. Mzunguko unataka moyo. Mwenye moyo anaingia, mwoga anasubiri. Mimi ni mkunga, nimeona watu wenye moyo kila siku ya kazi. Ule si moyo.

Chumvi ilikuwa upande wake wa kulia. Akauliza iko wapi. Nikasema iko hapo hapo mbele yako. Akapapasa, akaangusha bilauri, akailaumu meza.

Nikaisogeza kushoto. Akaichukua mara moja.

Nikalikumbuka gari la mikate.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemburuta kwa daktari wa macho. Mtoto wa jicho, la kulia, na amekomaa. Upasuaji mdogo tu. Ila asiguse usukani mpaka apone.

La kulia! Na kwenye mzunguko magari yote ya kuyapisha yanatokea kulia. Yaani siku zote hizi nimepelekwa kazini kwa masikio.

Mheshimiwa ametoka pale akisema daktari yule ni mtoto anayependa visu. Lori halimtishi. Kijisu cha hospitali kinamtoa jasho. Jirani ameambiwa gari “linapumzika”. Ufunguo nimeuweka kwenye sidiria. Aje auchukue.

Jumatano, 19 Machi

Nimeanza kujifunza udereva. Uzee huu! Mwalimu ni binti mdogo kuliko kitindamimba wangu, ananiita mama, na hacheki hata ninapostahili.

Leo ilikuwa mzunguko. Punguza mwendo kabla hujafika. Chagua njia yako mapema – unayekata kulia kaa kulia, unayetoka mapema kaa kushoto – na usihamehame ukiwa ndani. Walio ndani wapishe. Ukishapita barabara iliyo kabla ya yako, washa indiketa ya kushoto, utoke. Na pikipiki! Pikipiki iko palepale ambapo hukutazama.

“Mama, usimsome mwenzio usoni,” aliniambia. “Tazama matairi yake. Uso unadanganya.”

Nilisubiri sana pale mstarini. Mwenye mkokoteni wa maji akanipita, akanipungia mkono.

Nyumbani Mheshimiwa akataka kujua nimefundishwa nini. Nikamweleza. Akacheka mpaka akakohoa: yote hayo kwa duara moja! Baadaye, wakati nakunja nguo, akauliza kwa sauti ya chini ile indiketa ya kutokea inawashwa wakati gani hasa. Nikamweleza tena.

“Kumbe,” akasema.

Miaka yote ile barabarani. Kumbe!

Alhamisi, 10 Aprili

Naandikia kwenye usukani, gari limezimwa, uwanja wa hospitali. Ndiyo, nimeendesha mimi. Mheshimiwa yuko pembeni yangu. Miadi ya kwanza ya upasuaji tumbo lilimuuma. Ya pili alikuwa na msiba wa mtu ambaye ukoo mzima haumjui. Leo visingizio vimemwishia.

Mwalimu alikaa nyuma. Tulipofika kwenye mzunguko nikasimama, nikangoja. Honi nyuma yetu, matusi pia. Nilitegemea Mheshimiwa aniambie ingia. Hakusema. Nafasi ikapatikana, nikaingia. Barabara ya hospitali ilipokaribia akasema, “Pitiliza.”

Nikapitiliza. Tukazunguka wote, ikaja tena.

“Pitiliza, mke wangu.”

Mwalimu akasema kuzunguka tena si kosa, mzee, ila petroli ina mwisho wake.

Ilipokuja tena hakusema kitu. Nikawasha indiketa, nikatoka.

Sasa mwalimu ameshuka, anajifanya anakagua matairi. Nesi alikuja mlangoni pa hospitali akaita jina, Mheshimiwa akatazama pembeni kama si lake. Nilikuwa na maneno tayari, makali, nimeyanoa tangu asubuhi.

Ndipo akasema, macho mbele: “Mwaka mzima. Kila nikifika pale mzungukoni nilikuwa nabana pumzi, naingia tu.”

Na mimi pembeni yake, mkoba mapajani, nikimsimulia habari za wodi.

Maneno yangu makali nimeyarudisha mkobani. Ameniuliza kama nitakuwepo akitoka. Nimemwambia niende wapi, gari lenyewe bado siwezi kulirudisha nyuma.

Hajacheka.

Nesi ametoka tena, anatazama magari moja moja. Mheshimiwa amefungua mkanda. Mlango bado.